Kazi Nyingi, Gati Moja: Jinsi Kompyuta Inavyopanga Kazi za Mbele na Kazi za Nyuma

Kwa miaka mingi Bandari ya Tanga ilifanya kazi kwa namna iliyowashangaza wageni. Maji ya gatini yalikuwa na kina kidogo, na meli kubwa hazikuweza kuyakaribia. Kwa hiyo meli ilitia nanga ndani ya ghuba, mbali na gati, na matishali yakaenda na kurudi: mkonge na kahawa kupelekwa melini, bidhaa za ng'ambo kuletwa nchi kavu. Mtu aliyetazama gati tu, akaona hakuna meli kubwa iliyofungwa hapo, angeweza kudhani kwamba bandari imelala. Kumbe kazi ilikuwa ikiendelea, ila si mbele ya macho yake. Hali hiyo sasa imebadilika, kwani kazi za kuongeza kina na kuimarisha gati, zilizoanza mwaka 2019, zimeziwezesha meli kubwa kufunga gatini. Hata hivyo, bandari ile ya matishali imeacha funzo moja: kutokuwa gatini si kutokuwa kazini.

Funzo hilo ndilo msingi wa makala haya. Kompyuta inayoendeshwa kwa amri zilizoandikwa ina kibodi kimoja na skrini moja mbele ya mtumiaji. Hiyo ndiyo gati yake. Lakini kazi zinazotakiwa kufanywa ni nyingi, na baadhi yake huchukua saa nyingi. Je, mtumiaji angoje mpaka kazi ya kwanza iishe ndipo aanze ya pili? Na akiondoka, au waya ukikatika, kazi yake itapona? Maswali haya ni mazito kwa shule yenye kompyuta chache na wanafunzi wengi, na ni mazito zaidi kwa maabara ambayo hesabu yake ikipotea hupotea na siku nzima.

Kiini, ganda na terminali

Katika mifumo ya jamii ya Unix, ambayo Linux ni mmojawapo, programu kuu inayotawala mashine huitwa kiini. Kiini hugawa muda wa prosesa, yaani sehemu inayofanya hesabu. Hugawa nafasi katika kumbukumbu, na husimamia diski. Mtumiaji hasemi na kiini moja kwa moja. Kati yao ipo programu nyingine iitwayo ganda, kwa sababu hukizunguka kiini kama ganda la nazi linavyoizunguka nyama yake. Ganda husoma amri iliyoandikwa, hukiomba kiini kuianzisha programu iliyotajwa, kisha husubiri. Mahali pa kuandikia amri na kusomea majibu panaitwa terminali. Zamani terminali ilikuwa chombo chenye kibodi na karatasi au skrini. Siku hizi aghalabu ni dirisha tu katika skrini.

Programu inapoanza kutenda, kiini huihesabu kuwa mchakato na kuipa namba yake. Mashine moja huwa na michakato mingi kwa wakati mmoja, hata pale ambapo mtumiaji hajaandika amri yoyote.

Neno la kuzingatia katika maelezo hayo ni "husubiri". Mtumiaji akiandika amri ya kawaida, ganda huikabidhi programu hiyo terminali yote, kisha hukaa kimya mpaka programu iishe. Hiyo ndiyo kazi ya mbele. Mtumiaji akiongeza alama ya & mwishoni mwa amri, ganda huianzisha programu ile ile lakini halisubiri. Mara moja huonyesha tena alama yake ya kukaribisha amri nyingine. Hiyo ndiyo kazi ya nyuma. Wanafunzi wengi hudhani kwamba kazi ya nyuma ni dhaifu au huenda polepole. Sivyo. Kazi ya mbele na kazi ya nyuma hutumia prosesa ile ile, na kwa kawaida kwa haki ile ile. Tofauti yao ni moja tu: nani anaishika terminali.

Wahenga walisema, mshika mbili moja humponyoka. Ganda halipingani na methali hiyo, bali linaifuata: kwa wakati wowote linaruhusu kazi moja tu kuishika terminali, na nyingine huziacha zitende bila kuishika.

Mfano kutoka maabara ya malaria

Mkoa wa Tanga una historia ndefu ya utafiti wa malaria. Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu, NIMR, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1979, ina kituo katika mji wa Tanga na kingine cha Amani, ambacho makao yake yako Muheza. Zamani mtafiti wa malaria alitegemea hasa hadubini. Leo anaweza pia kusoma vinasaba vya kimelea, ili kujua kama kimepata mabadiliko yanayokiwezesha kuhimili dawa. Hatari hiyo si ya kubuni: katika miaka ya 2020 watafiti walithibitisha mkoani Kagera kuwapo kwa vimelea vyenye badiliko katika jeni ya kelch13 linalopunguza nguvu ya dawa za jamii ya artemisinini. Kadiri badiliko la namna hiyo linavyogunduliwa mapema, ndivyo nchi inavyopata nafasi ya kuchukua hatua kabla dawa haijashindwa.

Tutazame ukubwa wa hesabu yenyewe. Vinasaba vya Plasmodium falciparum, vilivyochapishwa kwa ukamilifu mwaka 2002, vina herufi zipatazo milioni 23 katika kromosomu 14. Mashine nyingi za kusomea vinasaba hazisomi mfululizo wote kwa mkupuo, bali hutoa vipande vifupi, tuseme vya herufi 150 kila kimoja. Ili kupunguza makosa, kila mahali hupaswa kusomwa mara nyingi. Kama kila herufi itasomwa mara 50, vitahitajika vipande vipatavyo milioni 7.7 kwa sampuli moja. Kila kipande lazima kitafutiwe mahali pake katika mfululizo wa herufi milioni 23. Tuseme kompyuta ya wastani humaliza sampuli moja kwa dakika 20. Sampuli 60 zitakazofuatana zitachukua saa 20. Hakuna mtu anayeweza kukaa mbele ya skrini saa 20, wala maabara haiwezi kuifunga terminali kwa muda wote huo.

Tuipe programu ya kulinganisha vipande hivyo jina la linganisha. Mtafiti angeweza kuandika hivi:

linganisha sampuli01 > majibu01 2> makosa01 &

Alama ya > huelekeza majibu yaende katika faili badala ya skrini, na alama ya 2> huelekeza taarifa za makosa katika faili jingine. Alama ya & mwishoni hulizuia ganda lisisubiri. Ganda hujibu kwa namba mbili, kwa mfano [1] 4127. Ya kwanza, iliyo ndani ya mabano, ni namba ya kazi, nayo inatumika ndani ya ganda hilo tu. Ya pili ni namba ya mchakato, nayo inatambulikana na kiini katika mashine nzima.

Kusimamisha, kupeleka nyuma, kurudisha mbele

Yapo mazingira ambamo mtumiaji amekwisha kuianzisha kazi mbele, kisha anatambua kwamba itachukua muda mrefu. Katika matoleo ya awali ya Unix hakuwa na la kufanya ila kungoja au kuiua. Leo anazo njia zilizo wazi.

Kwanza, akibonyeza Control pamoja na Z, terminali huipelekea kazi ya mbele ishara ya kuisimamisha. Kazi haifi. Kumbukumbu yake inabaki kama ilivyokuwa, na faili ilizofungua zinabaki wazi, lakini haipewi tena muda wa prosesa. Ni kama meli iliyotia nanga bila tishali hata moja kuikaribia: ipo, ina shehena yake, ila haishughulikiwi. Hapo ganda hurudi mbele.

Pili, akiandika bg, ganda huipelekea kazi iliyosimama ishara ya kuendelea, nayo huendelea ikiwa nyuma. Sasa matishali yameanza kwenda na kurudi.

Tatu, akiandika fg, kazi hurudishwa mbele na kukabidhiwa terminali, na ganda huanza tena kusubiri. Ikiwa kazi ni kadhaa, hutajwa kwa namba yake: fg %2 huirudisha kazi ya pili. Amri ya jobs huonyesha orodha ya kazi zote za ganda hilo na hali ya kila moja, kama inatenda au imesimama.

Nne, akibonyeza Control pamoja na C, ishara inayotumwa ni ya kukatiza, na kwa kawaida kazi ya mbele hufa. Wanafunzi huchanganya mara nyingi Z na C, na tofauti yake ni kubwa: moja huahirisha, nyingine hufuta. Control na C haiigusi kazi iliyo nyuma, kwa sababu ishara za kibodi humfikia tu yule anayeishika terminali. Kazi ya nyuma huondolewa kwa amri ya kill. Jina hilo ni kali kuliko tendo lenyewe, kwani kill hutuma ishara tu. Ikiandikwa kill %1, huiomba kazi ijimalize, nayo hupata nafasi ya kufunga faili zake. Ikiandikwa kill -9 %1, kazi hukatwa papo hapo bila kuulizwa, na majibu yaliyokuwa hayajaandikwa katika diski hupotea. Yafaa kuomba kabla ya kukata.

Utaratibu huu ulitoka wapi

Unix ilianza mwaka 1969 katika maabara za Bell nchini Marekani, kwa kazi ya Ken Thompson, Dennis Ritchie na wenzao. Wakati huo kompyuta ilikuwa ghali na watumiaji walikuwa wengi, kwa hiyo mfumo ulibuniwa tangu mwanzo ili mashine moja ihudumie watu kadhaa. Alama ya & ilikuwamo katika ganda la Thompson tangu miaka ya mwanzo. Lakini uwezo wa kuisimamisha kazi ya mbele, kisha kuipeleka nyuma na kuirudisha, ulikuja baadaye. Ulianzishwa na Jim Kulp alipokuwa katika taasisi ya kimataifa ya IIASA huko Laxenburg, Austria, ukaingizwa katika mfumo wa Unix wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, toleo la mwaka 1980, ambako Bill Joy alikuwa ameandika ganda liitwalo csh. Ganda la bash, linalotumika sana leo katika Linux, lilitolewa na Brian Fox mwaka 1989, nayo Linux yenyewe ilianzishwa na Linus Torvalds mwaka 1991.

Historia hiyo ina maana kwa shule zetu. Utaratibu huu ulizaliwa na uhaba, kwa watu waliolazimika kugawana mashine moja. Shule ya sekondari ya Pangani au Mkinga yenye kompyuta chache iko katika hali ile ile, na inaweza kutumia maarifa yale yale bila gharama, kwa kuwa Linux na bash hutolewa bure.

Adabu za kazi ya nyuma

Kazi ya nyuma ina masharti mawili ambayo yasipofuatwa huleta usumbufu. La kwanza linahusu kusoma. Kibodi ni cha kazi ya mbele peke yake. Kazi ya nyuma ikijaribu kusoma kutoka kibodi, kiini huisimamisha papo hapo. Mtumiaji asiyejua jambo hili huenda akaacha kazi usiku kucha akidhani inaendelea, kumbe ilisimama katika dakika ya kwanza ikingoja ajibu "ndiyo" au "hapana". Kwa sababu hiyo, programu itakayotenda nyuma yapasa ipewe taarifa zake zote tangu mwanzo.

Sharti la pili linahusu kuandika. Kwa kawaida kazi ya nyuma huruhusiwa kuandika katika skrini, na hapo maneno yake huchanganyika na maneno ya kazi ya mbele mpaka yote yasisomeke. Ndiyo maana katika mfano wetu majibu na makosa yalielekezwa katika faili.

Waya ukikatika

Mara nyingi hesabu kubwa hufanyiwa katika kompyuta iliyo mbali, na mtumiaji huifikia kwa mtandao. Katika hali hiyo, jambo linaloogopwa ni kukatika kwa mawasiliano. Hapa kazi ya nyuma haina kinga ya moja kwa moja. Katika zama za terminali zilizounganishwa kwa simu, mtumiaji alipokata simu, kiini kilituma ishara iitwayo HUP kuonyesha kwamba mwenye kazi ameondoka. Ishara hiyo ipo hadi leo. Terminali ikipotea, ganda huipokea na kuzipelekea kazi zake, na kazi isiyojiandaa hufa, hata ikiwa nyuma, hata ikiwa imebakiza dakika 5 tu kati ya saa 20.

Kinga zipo tatu. Amri ikitanguliwa na neno nohup, programu huanzishwa ikiwa imeambiwa tangu mwanzo kuipuuza ishara ya HUP. Ikiwa kazi imekwisha kuanza, amri ya disown hulifanya ganda la bash liiondoe katika orodha yake, lisiipelekee ishara hiyo. Kinga ya tatu ni kutumia programu kama screen, ya mwaka 1987, au tmux, ya mwaka 2007, ambazo hulifungua ganda jingine ndani ya kompyuta ile ya mbali na kulishikia terminali yake. Waya ukikatika, ganda hilo linabaki. Mtumiaji akirudi hulikuta kama alivyoliacha.

Lakini yapasa kutofautisha kukatika kwa waya na kukatika kwa umeme. Umeme ukizimika katika mashine inayofanya hesabu, hakuna nohup wala tmux itakayoiokoa, kwa sababu kumbukumbu yote hufutika. Dawa ya tatizo hilo haimo katika ganda, imo katika mpango wa kazi. Saa 20 za sampuli 60 zisifanywe kuwa kazi moja. Zigawanywe kuwa kazi 60, kila moja ikiandika faili lake la majibu mara inapoisha, na mpango uwe wa kuruka sampuli ambazo majibu yake yamekwisha kupatikana. Umeme ukikatika baada ya saa 13, sampuli 39 zitakuwa zimekwisha, na kitakachopotea hakitazidi dakika 20.

Kugawana kwa busara

Urahisi wa alama ya & huleta kishawishi cha kuzianzisha kazi zote kwa mara moja. Hesabu ndogo itaonyesha hasara yake. Chukua mashine ambayo prosesa yake inaweza kutenda kazi moja tu kwa wakati mmoja, na kazi nne ambazo kila moja huhitaji saa 1 ya hesabu tupu. Zikifuatana, ya kwanza itaisha baada ya saa 1, ya pili baada ya saa 2, ya tatu saa 3, ya nne saa 4. Wastani wa kungoja ni saa 2 na nusu. Zikianzishwa pamoja, kiini huipa kila moja sehemu ndogo ya sekunde kwa zamu, na zote nne zitamalizika karibu na saa ya 4. Wastani sasa ni kama saa 4, na hakuna aliyefaidika. Zaidi ya hayo, kumbukumbu isipotosha kwa zote, mashine hupoteza muda mwingi ikihamisha taarifa kwenda katika diski na kuzirudisha. Kazi za pamoja huleta faida pale prosesa inapokuwa na sehemu kadhaa za hesabu, au pale ambapo kazi hukaa zikingoja diski au mtandao.

Mtumiaji mwungwana huongeza pia neno nice mbele ya kazi yake ndefu, ili kiini kiipe kipaumbele kidogo na kuwapisha wengine. Kazi hiyo itachelewa kidogo wakati wenzake wapo, na itaenda kwa kasi yote usiku wanapoondoka.

Majaribio ya darasani

Mwalimu anaweza kuyafundisha haya yote kwa amri ya sleep, ambayo haifanyi lolote ila kungoja sekunde zilizotajwa, hivyo haiwezi kuharibu kitu.

1. Andika sleep 300. Jaribu kuandika amri nyingine. Kwa nini ganda halijibu?

2. Bonyeza Control na Z, kisha andika jobs. Soma hali ya kazi. Andika bg, kisha jobs tena. Nini kimebadilika?

3. Andika fg, kisha bonyeza Control na C. Andika jobs. Kazi iko wapi?

4. Anzisha sleep 200 & na sleep 400 &. Iondoe ya pili peke yake kwa kill %2. Eleza kwa nini Control na C isingefaa hapa.

5. Andika cat & kisha bonyeza kitufe cha kuingiza. Programu ya cat husoma kutoka kibodi. Andika jobs, na eleza hali inayoonekana.

6. Kazi tatu zinahitaji saa 1, saa 2 na saa 6 katika prosesa inayotenda kazi moja kwa wakati mmoja. Zipange kwa mfuatano utakaopunguza wastani wa kungoja, na onyesha hesabu yako.

Mwanafunzi atakayeyafanya majaribio haya sita atakuwa ameelewa jambo ambalo watumiaji wengi wa kompyuta hawalijui: kwamba kuiachia kazi terminali si kuitupa. Kazi iliyoachiwa kwa mpango, ikapewa faili lake la majibu na kukingwa na kukatika kwa waya, huendelea usiku kucha, na asubuhi majibu hukutwa yakingoja.